Koo limepona halafu homa imerudi na shingo inauma upande mmoja: fanya hivi

Nianze na lenyewe kabisa ili hata ukiishia hapa uwe umelipata. Mtu akiumwa koo, akaanza kupata nafuu au hata akapona kabisa, halafu ndani ya wiki moja mpaka tatu hivi homa ikarudi kali na kutetemeka juu yake, na shingo ikawa inamuuma upande mmoja, huyo usimpe dawa ya malaria ukamlaza usubiri kesho. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo na shingo yake iangaliwe. Ndo hilo. Mengine yote hapa chini ni namna ya kulitambua mapema, namna ya kuongea ukifika kwa daktari, na kinachofuata baada ya hapo.

Ugonjwa wenyewe madaktari wanauita sindromu ya Lemierre, jina la André Lemierre, profesa wa Paris ambaye mwaka 1936 aliandika kwenye jarida la Lancet habari za wagonjwa 20, na kati ya hao 18 walikufa. Kipindi kile penisilini ilikuwa bado haijaanza kutibu watu, kwa hiyo kijana alianza na koo tu na baada ya siku kadhaa wanamzika. Baadae antibayotiki zikaja, kila mwenye koo akawa anapewa, ugonjwa ukapungua mpaka ukaanza kuitwa ugonjwa uliosahaulika, na shida iliyopo mpaka leo ni hiyo hiyo, sababu mtu hawezi kutafuta kitu ambacho hakimjii hata akilini.

Ni nadra, sitaki mtu alale macho kwa ajili ya koo la kawaida. Denmark waliufuatilia nchi nzima wakapata kama wagonjwa 3.6 kwa kila watu milioni moja kwa mwaka, ila walipoangalia vijana wa miaka 15 mpaka 24 peke yao namba ikapanda hadi 14.4 kwa milioni. Ndo maana naandika hasa kwa wazazi wenye watoto bweni, kwa matroni na patroni, na nyie vijana mliopanga vyumba karibu na chuo, manake huu ugonjwa unampata sana kijana mwenye afya yake ambaye wiki iliyopita alikuwa uwanjani anacheza mpira, na kijana wa hivo akisema naumwa watu wanamwambia kunywa maji ulale.

Kinachotokea shingoni

Pembeni ya koo, ndani, nyuma kidogo ya tonsesi, unapita mshipa mkubwa wa kurudisha damu kutoka kichwani kwenda moyoni, upo mmoja kila upande, unaitwa jugula ya ndani. Kuna bakteria anaitwa Fusobacterium necrophorum, anapenda sehemu zisizo na hewa ya oksijeni. Koo likishakuwa na kidonda na uvimbe anapata njia ya kuzama kwenye nyama, anaingia kwenye vimishipa vidogo vya tonsesi na kutoka hapo anafika kwenye ule mkubwa. Mshipa unavimba, damu ndani yake inaganda, na lile donge la damu linakuwa limejaa vijidudu. Vipande vinaanza kumeguka, vinapita moyoni, vinatupwa moja kwa moja kwenye mapafu. Ndo hapo mtu aliyekuwa anaumwa koo anaanza kuchomwa kifua akivuta pumzi, anakohoa, wengine wanakohoa damu. Vingine vinafika kwenye maungio kama goti, nyonga au bega, vingine ini, na mara chache ubongo.

Kwa hiyo ukiona mtu ana koo, shingo na kifua kwa kufuatana namna hiyo usiyahesabu kama magonjwa matatu tofauti. Hilo ndo kosa linalochelewesha wengi, kila dalili inapewa dawa yake.

Na sio lazima ianzie kwenye tonsesi. Jino bovu lililotunga usaha au sikio linalotoa usaha na mfupa wa nyuma ya sikio kuvimba vinaweza kuleta kitu hichohicho, ila koo ndo mlango wa mara nyingi.

Hesabu siku

Mtu wako akianza kuumwa koo andika tarehe kwenye simu. Siku ya kwanza ya koo, siku homa ilipoanza, dawa gani kapewa. Inaonekana kitu kidogo ila ukifika hospitali usiku umechanganyikiwa hutakumbuka, na kwa ugonjwa huu mpangilio wa siku ndo unaompa daktari picha.

Koo la kawaida la virusi linakuwa baya siku ya pili au ya tatu, halafu linaanza kushuka na ndani ya wiki mtu anakula ugali wake. Linalotakiwa kukushtua ni lile linaloenda kinyume, siku ya tano au ya saba badala ya kushuka mtu anapanda, au alishashuka akarudi tena. Homa ya hapa sio ile ya joto joto, inapanda 39, 40, mtu anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta, kisha anatoka jasho shuka linalowa, baadae inarudi tena. Na kitu cha ajabu, koo lenyewe wakati huo linaweza kuwa halimuumi kabisa, ukimmulika na tochi unaona koo safi, kwa hiyo usije ukasema koo limepona basi hii homa haihusiani.

Kuiangalia shingo

Mkalishe sehemu yenye mwanga, vua nguo mpaka mabega yaonekane, simama mbele yake. Linganisha pande mbili. Mwambie ageuze uso pembeni taratibu, utaona msuli mrefu unatokea kuanzia nyuma ya sikio unashuka mpaka kwenye mtulinga. Mshipa tunaouzungumzia umejificha chini ya msuli huo. Pitisha vidole polepole bila kukandamiza, kuanzia kona ya taya kushuka chini, na umuulize wapi panauma.

Tezi za koo la kawaida zinakuwa ni vitu vya mviringo chini ya taya, unavishika vinacheza cheza, na mara nyingi viko pande zote mbili. Maumivu ya mshipa yanafuata mstari wa ule msuli, upande mmoja, pengine na uvimbe usioeleweka vizuri unaanzia wapi, pengine panakuwa pagumu, na mtu hataki kabisa kugeuza shingo. Wengine hawana uvimbe wowote, wana maumivu tu. Hiyo nairudia sababu watu wengi wanasubiri waone nundu, usisubiri nundu. Na shingo kuwa sawa machoni pako haimalizi kesi kama homa na kutetemeka vimerudi baada ya koo.

Usiikande. Najua mkono wa mama au bibi unaenda kwenye kitambaa cha maji ya moto na mafuta ya kuchua shingo ikiuma, ila sehemu inayoweza kuwa na donge la damu lenye vijidudu hatuisugui kwa nguvu, wala hatuichanji chale.

Halafu hesabu pumzi. Weka saa ya simu dakika moja nzima, angalia kifua kinapanda mara ngapi wakati katulia. Mtu mzima aliyetulia anakuwa kati ya 12 na 20. Ikifika 25 na kuendelea, au anaongea maneno yasiyoeleweka, au mikono imekuwa ya baridi wakati kiwiliwili kinawaka, au toka asubuhi hajakojoa, hapo sumu ya vijidudu inaweza kuwa imeshaingia mwilini mwote. Tafuta usafiri sasa hivi, usiite kikao cha familia.

Yanayotupoteza huku kwetu

Hapa nitakaa kidogo maana ndo penye hatari kwa Mtanzania au Mkenya kuliko hata bakteria mwenyewe.

La kwanza malaria. Homa kali na kutetemeka kwetu ni malaria mpaka ithibitike vingine, na kupima malaria ni sawa kabisa, pimeni. Ila jueni kipimo kile cha haraka cha kutoboa kidole kinaweza kuendelea kusoma positivu wiki kadhaa baada ya mtu kutibiwa malaria ya zamani, na kwenye maeneo yenye malaria nyingi mtu anaweza kuwa na vimelea vichache na wakati huohuo anaumwa kitu kingine kikubwa zaidi. Kwa hiyo positivu ya malaria isifunge mjadala wa shingo. Na kama ni negativu, tafadhali sana msiruke moja kwa moja kwenye taifodi na yuti-ai (maambukizi ya njia ya mkojo). Kile kipimo cha taifodi kinachoitwa Widal kinadanganya sana, wengi wazima kabisa wanakuwa nacho positivu, na kijana anapewa antibayotiki ya siprofloksasini ya siku saba anarudi bweni shingo inaendelea kuvimba.

La pili kimeo. Hili linaniuma. Mtu koo likimsumbua wiki mbili kuna jirani atasema hicho ni kimeo, apelekwe kikakatwe. Kile kilimi kinachoning'inia nyuma ya mdomo hakisababishi huu ugonjwa na kukikata hakuutibu, unachopata ni kidonda kibichi kwenye koo ambalo tayari lina vijidudu, na damu inaweza kugoma kukata. Kwa mtoto ni hatari zaidi. Kama kuna mzee nyumbani anasisitiza, mwambie kwa heshima, bibi tumekusikia, ngoja kwanza hospitali waangalie mshipa, na unaondoka na mgonjwa.

La tatu matumbwitumbwi. Yale uvimbe wake unakaa mbele na chini ya sikio, shavu linajaa, na mtu hatetemeki kwa namna ile. Kuna pia shingo kukakamaa ya homa ya uti wa mgongo, ile inakataa kuinama kidevu kigonge kifua na inakuja na kichwa kikali, nayo ni dharura vilevile kwa hiyo hapo hata ukikosea kutofautisha haidhuru, zote zinakwenda hospitali.

Na kwenye mapafu wanachanganya na TB, sababu kohozi lina damu na eksirei inaonyesha madoa mengi, mengine yametoboka katikati. TB inakwenda wiki na miezi. Huyu wetu wiki iliyopita alikuwa mzima. Kuna wengine macho yanakuwa ya njano kidogo na ini linasumbua, wanaambiwa ni homa ya ini. Kila mara jibu ni kurudisha stori mwanzo: dokta, hii yote ilianza na koo.

Duka la dawa

Ukienda duka la dawa na koo la siku mbili, Panadol na maji ya chumvi ya kusukutua vinatosha kwa wengi. Ninachoomba usinunue azithromaisini kwa mazoea kila koo likiuma. Huyu bakteria mara nyingi hasikii azithromaisini wala erithromaisini, kwa hiyo mtu anameza vidonge vyake vitatu, anajiona katibiwa, na bakteria bado anaendelea. Amoksilini nusu dozi iliyobaki kwa mdogo wake nayo ni hivohivo, inaweza kupunguza homa siku mbili na kuficha kila kitu, hata vijidudu wakija kuoteshwa maabara wasionekane.

Sisemi kila koo linyimwe antibayotiki. Koo la streptokokasi linahitaji dawa kamili tena kwetu lina umuhimu wake mkubwa kwa sababu lisipotibiwa kwa watoto linaweza kuleta homa ya baridi yabisi inayoharibu valvu za moyo. Ninachosema amua na mhudumu aliyekuangalia koo, sio na muuzaji aliyekuuliza una shilingi ngapi.

Na dalili moja ya koo ambayo haiwezi kungoja hata kabla shingo haijauma: mdomo haufunguki vizuri, mate yanamshinda kumeza yanamtoka, anaongea kama ana tonge la moto mdomoni. Hapo kuna uwezekano wa jipu pembeni ya tonsesi, na linatakiwa kutolewa usaha. Akikoroma au kuvuta pumzi kwa sauti usimlaze chali, mwache akae anavyojisikia, mpeleke.

Ukifika kwa daktari useme nini

Zahanati wana foleni na watu hamsini wana homa, ukisema "ana homa" utapata dawa ya homa. Sema sentensi moja iliyokamilika, hata iandike kwenye simu umsomee: "Dokta, aliumwa koo tarehe fulani, akapata nafuu, tarehe fulani homa imerudi na kutetemeka, shingo inauma upande wa kushoto, na toka jana kifua kinamchoma akivuta pumzi. Naomba tuangalie kama mshipa wa shingo umeganda damu." Sio kumfundisha kazi, daktari mzuri atashukuru kupewa historia iliyopangwa, na hata kama hajawahi kuona mgonjwa wa namna hii toka amalize chuo, ukitaja mshipa wa shingo na koo pamoja atajua pa kwenda. Ukiona unazungushwa uliza kwa upole, dokta unadhani ni nini, na kitu gani kitakufanya ubadilishe mawazo? Na omba rufaa iandikwe kama kituo hakina altrasaundi.

Vipimo vinavyosaidia ni hivi. Damu ya picha kamili, chembe nyeupe zinakuwa juu sana na mara nyingi chembe sahani, zile za kugandisha damu, zinakuwa chini, hiyo ya chini ikutie wasiwasi. Figo na ini. Damu ya kuotesha, ichukuliwe kabla ya sindano ya kwanza ya antibayotiki kama inawezekana, na iwekwe pia kwenye chupa ya bakteria wasiopenda oksijeni kama maabara wanayo, kwa sababu kwenye chupa ya kawaida huyu haoti. Majibu yanachukua siku kadhaa na hakuna anayetakiwa kuyasubiri ndo aanze dawa. Kama mgonjwa yuko hoi dawa inaanza muda uleule.

Altrasaundi ya mishipa ya shingo ni rahisi kupatikana na inaweza kuonyesha donge lenyewe, ila haioni vizuri sehemu iliyo chini ya taya na nyuma ya mtulinga, kwa hiyo ikitoka safi na mtu bado anawaka siti skani ya shingo na kifua yenye dawa ya kuonyesha mishipa ndo inayomaliza ubishi. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa sasa zina siti skani, haikulazimu kufika hospitali ya taifa Muhimbili kwanza. Mwambie anayepima kama mgonjwa ana shida ya figo au aliwahi kupata mzio na dawa ya namna hiyo.

Matibabu, na kwa nini msimtoe wodini

Ni antibayotiki za mshipani, mara nyingi metronidazo, ile Flagyl, pamoja na seftriaksoni au dawa ya kundi la penisilini yenye nguvu, na ni wiki, sio siku. Kwa kawaida jumla inakuwa kati ya wiki 3 na 6, mwanzo kwa dripu, baadae akitulia anamalizia kwa vidonge. Donge la damu lina vijidudu ndani ambako dawa inafika kwa shida, hiyo ndo sababu ya muda wote huo. Kukiwa na usaha shingoni au kifuani unatolewa. Dawa za kuzuia damu kuganda madaktari wenyewe hawajakubaliana, wengine wanatoa wengine hawatoi, inategemea donge limesambaa wapi na mgonjwa ana hatari gani ya kutoka damu, kwa hiyo usishangae mgonjwa wa kitanda cha pili akipewa na wako asipewe.

Sasa sikilizeni hapa ndugu wa mgonjwa. Hata dawa zikiwa ndo zenyewe kabisa homa inaweza kuendelea zaidi ya wiki nzima kabla haijashuka. Huu ndo wakati familia inaanza kusema hospitali imeshindwa, kuna mtu kamroga, tumrudishe nyumbani, au kuna mtaalamu kule kijijini. Naomba msimtoe. Angalieni vitu vingine, kasi ya kupumua inapungua? anakula? anawatambua? anakojoa? Vikiwa vinakwenda vizuri homa itafuata nyuma. Visipokwenda vizuri mwiteni daktari muulize kama kuna usaha mpya umejikusanya mahali, hilo ni swali halali.

Hela nalo ni tatizo la kweli, vitanda vya wiki nne na siti skani sio mchezo. Mapema siku ya kwanza muone ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kama hamna bima, msingoje bili ifike juu. Mwanafunzi wa chuo mara nyingi ana bima hata hajui kadi iko wapi, ulizeni chuoni.

Akitoka

Vidonge amalize vyote hata kama anakimbia na kucheka. Akiwa kwenye metronidazo asinywe pombe. Uchovu utabaki wiki nyingi, mapafu yanachukua muda, kwa hiyo shuleni muombeni aruhusiwe kukaa nje ya mchakamchaka na kazi nzito, na mwalimu wa zamu apewe karatasi. Goti au nyonga ikianza kuuma yenyewe bila kuanguka, au kichwa kikali, kuona vitu viwili viwili, kushindwa kumeza, homa kurudi, basi ni kurudi wodi ileile, sio zahanati ya karibu. Karatasi ya kuruhusiwa ipigeni picha, pande zote mbili, mtumieni na matroni na yeyote anayekaa naye, sababu mwakani akiumwa koo tena usiku wa saa nane atakayempeleka hospitali anaweza asiwe wewe.